Maswali ya Wasomaji: Moyo wa Mtafuta Kazi

Barua zinazohusu kutafuta kazi zimekuwa nyingi kuliko za jambo jingine lolote katika miezi ya karibuni, na ajabu ni kwamba wengi wa waandishi hawaulizi kazi iko wapi, bali wanauliza namna ya kubaki na moyo wakati kazi haionekani. Nimechagua nne, zote za wakazi wa Nairobi, nikazifupisha na kuondoa chochote ambacho kingeweza kumtambulisha mwandishi. Jibu la kwanza ni refu kuliko mengine kwa kuwa swali lake ndilo lililorudiwa na wengi.

*Shikamoo Mwalimu. Nilihitimu stashahada ya ununuzi na ugavi mwaka 2023, nikafanya uanagenzi katika hospitali moja, na tangu hapo sijawahi kuitwa kwenye usaili hata mmoja. Ninaishi Umoja kwa kaka yangu na wifi yangu, watu wema ambao hawajanisema kwa lolote, lakini ninajua bei ya unga na ninajua kwamba mimi ni mdomo wa ziada. Huwa ninatuma maombi usiku kwa simu, wakati bando ni rahisi, na nimeacha kuhesabu niliyokwisha kutuma. Kila ninayemweleza ananiambia niwe na fikra chanya. Kanisani naambiwa subira huvuta heri. Mwenzangu tuliyesoma naye amepata kazi katika kaunti, na siwezi kufungua simu bila kuziona picha zake. Nimeanza kuamini kwamba tatizo ni mimi. Nifanye nini ili niwe na mtazamo mzuri?*
*Binti wa Umoja*

Marahaba, binti yangu. Sitakuagiza uchangamke. Uchangamfu ni kitu kizuri ukija wenyewe, lakini mtu aliyekaa muda mrefu bila kujibiwa akilazimishwa kutabasamu huongezewa mzigo wa pili, kwani pamoja na kukosa kazi sasa anajiona mkosaji kwa kukosa furaha. Mtazamo unaomfaa mtafuta kazi, kwa maoni yangu, ni ule unaoyaona mambo kama yalivyo, bila kuyakuza wala kuyapunguza, na ndiyo maana nitaanza na sentensi moja ya barua yako ambayo haina ushahidi.

Unasema tatizo ni wewe, na papo hapo unasema hujawahi kuitwa kwenye usaili. Mambo haya mawili hayapatani. Hakuna mwajiri aliyeketi nawe mezani, akakusikiliza, akaupima ujuzi wako, kisha akakukataa. Kilichopitwa ni kurasa mbili za wasifukazi, na huenda mara nyingi zilipitwa bila kusomwa, ama kwa sababu nafasi ilikuwa imekwisha kupata mtu, ama kwa sababu karani aliyepewa kazi ya kuchuja alikuwa akitafuta sifa fulani ambayo haikutajwa humo. Hukumu uliyojipa ni nzito kuliko kesi yenyewe.

Hebu tazama pia uwanja mnaogombea. Ripoti za uchumi zinazotolewa kila mwaka na Shirika la Kitaifa la Takwimu, KNBS, zimekuwa zikionyesha kwamba zaidi ya asilimia 80 ya ajira nchini, ukiondoa kilimo kidogo, zimo katika sekta isiyo rasmi, yaani jua kali, vibanda, karakana na biashara ndogo ambazo hazitangazi nafasi popote. Wewe na wahitimu wenzako wengi mnasongamana kwenye zile chache zinazotangazwa. Kunyamaziwa katika msongamano huo ni jambo la kawaida kabisa, ingawa najua kwamba kuliita la kawaida hakupunguzi bei ya unga.

Ukishakubali hayo, liache swali la kasoro yako na uulize umekwama hatua gani. Fundi wa mabomba akikuta mfereji hautoi maji, hana haja ya kuulaumu mfereji. Hufuata bomba kutoka kwenye tangi hadi apate palipoziba. Mtu asiyeitwa kabisa amekwama kwenye karatasi zake au mahali anapozipeleka. Anayeitwa mara kwa mara na kurudi mikono mitupu ana karatasi nzuri, na anachohitaji ni mazoezi ya kujieleza. Anayefika hatua ya mwisho akakosa kwa sababu ya hati iliyopungua, dawa yake ni kupanga foleni Huduma Centre, kituo cha huduma za serikali. Wewe umekwama mwanzoni kabisa, na mwanzo ndiyo sehemu unayoweza kuirekebisha bila kuomba ruhusa ya mtu.

Sisemi haya kwa kudharau habari za moyo. Mwaka 2014 ulitolewa uchambuzi uliokusanya tafiti 47 kuhusu programu za kuwasaidia watafuta kazi, na matokeo yalionyesha kwamba walioshiriki programu hizo walipata kazi zaidi kuliko wasioshiriki. Kilichonivutia ni sharti lililoambatana na matokeo hayo: programu zilizofaulu ni zile zilizofundisha ufundi wa kutafuta kazi na wakati huohuo zikawatia watu moyo, si zile zilizotoa kimoja na kuacha kingine. Wanaokuhimiza uwe na fikra chanya, basi, hawajakosea kabisa, ila wamekupa nusu, na wala hawakukuambia kwamba ni nusu.

Tuishike nusu iliyosalia. Taaluma yako ina chombo chake, KISM, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 2007, na matangazo mengi ya kazi za ununuzi hudai uanachama wake. Ikiwa wasifukazi wako haukitaji, huenda unaondolewa kabla jina lako halijasomwa. Uliza ni daraja lipi linalomfaa mwenye stashahada na ada yake ni kiasi gani, na kama ada haipatikani sasa, liwe ndilo jambo la kwanza la kuwekea akiba. Kisha rudi kwenye ule uanagenzi wa hospitali. Nadhani umeandika kwamba "ulisaidia katika idara ya ununuzi", kama wanavyoandika wote. Andika ulichokifanya kwa mikono yako: kama ulipokea vifaa na kuvilinganisha na hati ya agizo, kama ulihesabu bidhaa za ghala mwisho wa mwezi, kama uliomba bei kwa wauzaji watatu na kuandaa jedwali la kuzilinganisha. Anayeijua kazi ataitambua kazi.

Lipo jambo jingine ambalo wahitimu wa fani yako hulisahau. Serikali imetenga asilimia 30 ya zabuni zake kwa biashara za vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, chini ya mpango unaoitwa AGPO. Wenye biashara hizo wanajua kushona sare, kuleta vyakula au kupaka rangi, lakini wengi wao huzifahamu karatasi za zabuni kidogo sana, na zabuni huweza kutupwa nje kwa sababu ya cheti cha kodi kilichopitwa na wakati au kurasa zisizopigwa nambari mfululizo kama sheria ya ununuzi wa umma ya mwaka 2015 inavyotaka. Wewe ulisomea hayo darasani. Hapo Umoja hamkosi kikundi cha akina mama au vijana wenye kampuni ndogo iliyosajiliwa. Kaa nao, wasaidie kujaza zabuni moja kwa malipo ya kiasi, na tayari utakuwa na tajriba ya kweli ya kuandika kwenye wasifukazi wako, yenye mwezi, mwaka na jina la mtu wa kuulizwa.

Sasa kuhusu mwenzako wa kaunti. Najua picha hizo zinauma, nawe unaweza kuzizima bila kumwambia mtu. Simu zina uwezo huo. Lakini usimpoteze mwenye picha. Mwaka 1973 mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, alichapisha uchunguzi kuhusu watu waliopata kazi kwa njia ya kujuana, akauliza walikuwa wakionana mara ngapi na yule aliyewapasha habari. Zaidi ya 8 kati ya 10 walisema walikuwa wakionana mara mojamoja tu au kwa nadra. Sababu yake si ngumu: kaka yako na wifi yako wanajua habari zilezile unazozijua wewe, kwa kuwa mnakula chungu kimoja, ilhali mtu wa mbali kidogo anazunguka katika ofisi nyingine na kusikia mengine. Mwandikie mwenzako umpongeze, kwa dhati kama inawezekana na kwa adabu kama haiwezekani, kisha usimwombe akutafutie kazi, maana ombi hilo humfunga mtu mdomo. Mwulize idara yao huajiri wakati gani wa mwaka, na walioingia karibuni walianzia wapi, kwa kibarua, kwa mkataba au kwa uanagenzi. Swali kama hilo mtu hulijibu kwa raha. Mwandikie vivyo hivyo msimamizi wako wa zamani kule hospitalini.

Maombi ya usiku wa manane, tafadhali, yapunguze. Barua inayoandikwa kwa usingizi na uchungu huonekana hivyo. Jipangie saa za asubuhi kwa siku chache za wiki, utume maombi machache yaliyoandikwa kwa kila mwajiri peke yake, na saa zikiisha uifunge kazi hiyo kama mfanyakazi yeyote anavyofunga ofisi. Ukihitaji mahali tulivu pa kukaa, maktaba za umma za Makadara na Kaloleni, ambazo ni matawi ya Maktaba ya McMillan, haziko mbali nawe na zimekarabatiwa vizuri. Mwisho wa wiki usijiulize umejibiwa na wangapi, kwa kuwa hilo haliko mikononi mwako; jiulize umetengeneza nini, umezungumza na nani, na hatua ipi umeijaribu kwa namna mpya. Kuhusu subira, mwambie aliyekuhubiria kwamba unayo, na kwamba umeipa kazi ya kufanya.

*Mwalimu, salamu nyingi. Mimi ni mwanamume wa miaka 46, baba wa watoto watatu. Kwa miaka 17 niliendesha mashine katika kiwanda cha plastiki huko Industrial Area, hadi mwaka jana walipopunguza wafanyakazi. Mke wangu anauza nguo Gikomba na mpaka leo sijamwambia. Kila alfajiri navaa na kuondoka Mukuru kana kwamba naenda kazini, kisha nakwenda kukaa bustani ya Jeevanjee hadi jioni. Pesa nilizolipwa wakati wa kuachishwa ndizo ninazompa kila mwisho wa mwezi kama mshahara, na zinaelekea kwisha. Nikienda kwenye malango ya viwanda nasimama na vijana wa rika la mwanangu, na wanachaguliwa wao. Tena nina hasira. Mahali pamoja waliponiuliza kwa nini niliacha kazi, nilimtukana mwajiri wangu wa zamani mbele yao. Nitaurudishaje moyo wangu?*
*Baba wa Watatu, Mukuru*

Ndugu yangu, pole sana, na asante kwa kuandika jambo ambalo hujaweza kulisema nyumbani. Nitaanza na lile linalokuelemea zaidi, kisha nije kwenye malango.

Mwanzoni mwa miaka ya 1930, kiwanda cha nguo kilichokuwa kikilisha karibu kijiji kizima cha Marienthal, karibu na Vienna nchini Austria, kilifungwa, na watafiti wakiongozwa na Marie Jahoda na Paul Lazarsfeld wakaenda kuishi karibu na watu hao ili waone ukosefu wa kazi unamfanya nini binadamu. Waliona wanaume wakitembea polepole barabarani na kusimamasimama bila sababu. Waliona watu waliokuwa na saa zote za siku wakishindwa kueleza siku ilivyopita. Hata vitabu vya maktaba viliazimwa kwa uchache kuliko zamani, ingawa ada ya kuazima ilikuwa imeondolewa. Baadaye Jahoda alieleza kwamba kazi humpa mtu mambo mengine mbali na mshahara: mpangilio wa siku, watu wa kukutana nao nje ya familia, lengo la pamoja na wengine, heshima, na shughuli ya lazima. Ukiyasoma hayo utaona kwamba wewe hukupoteza moyo kwa udhaifu. Uliondolewa vitu vitano kwa mkupuo mmoja, na umekuwa ukijaribu kukiokoa kimoja kati yake, ule mpangilio wa siku, kwa kuondoka nyumbani kila alfajiri.

Kwa hiyo endelea kuondoka alfajiri. Kinachopaswa kuondolewa ni uongo peke yake. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na katika hali yako ya sasa huwezi kuomba msaada wa mtu yeyote anayemjua mkeo, maana yake umejifungia nje ya karibu kila mtu ambaye angeweza kukuelekeza kazini. Isitoshe, mwanamke anayeuza Gikomba, anayeusoma uso wa mteja kabla mteja hajataja bei, nashuku kwamba tayari anajua lipo jambo, ila hajui ni lipi, na huenda analidhania baya kuliko lilivyo. Mweleze siku ambayo watoto hawapo karibu, na umweleze ukiwa na karatasi mkononi: kiasi kilichosalia, kodi ya nyumba, karo ya muhula unaokuja, na miezi ambayo fedha hizo zinaweza kuwabeba. Atakasirika kwa sababu ya kufichwa, na ana haki. Mpe nafasi ya kukasirika bila kujitetea.

Jambo la pili ni la kisheria, nami nalitia hapa kwa sababu mtu anayehisi kwamba alidhulumiwa bila kujua haki yake hubaki na hasira isiyo na pa kwenda. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inasema mfanyakazi anayeondolewa kwa sababu ya kupunguza watu hulipwa fidia isiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka kamili aliotumikia, mbali na notisi na siku za likizo alizokuwa akidai. Kwa miaka 17 hizo ni siku 255. Linganisha na ulicholipwa. Vilevile mwajiri analazimika kukupa hati ya utumishi inayoonyesha ulianza lini, ukaacha lini na ulifanya kazi gani. Kama hukupewa, idai kwa barua. Ukiona kuna pengo, nenda kwa afisa wa kazi wa serikali, na usichelewe, kwa kuwa madai ya ajira yana kikomo cha miaka 3.

Kisha ipo hasira yenyewe. Mwaka 1994 James Pennebaker na wenzake walichapisha utafiti kuhusu wataalamu walioachishwa kazi huko Dallas, Marekani, wengi wao wakiwa wanaume wa makamo. Kundi moja liliombwa kuandika kwa dakika 20 kila siku, kwa siku 5, kuhusu walivyoumizwa na kuachishwa huko, na kundi jingine likaandika kuhusu matumizi ya wakati tu. Miezi michache baadaye wale walioandika machungu yao walikuwa wamepata kazi kwa wingi zaidi, ingawa hawakuwa wametuma maombi mengi zaidi ya wenzao. Inaelekea walipoketi mbele ya msaili, sumu ilikuwa imekwisha kutoka. Nunua daftari ya bei ndogo, na hapo Jeevanjee uandike yote uliyotaka kumwambia mwenye kampuni, matusi yakiwemo. Usimwonyeshe mtu. Halafu tengeneza sentensi moja ya kusema mahali pengine pote: "Kampuni ilipunguza wafanyakazi, nilikuwa nimeitumikia miaka 17, na hii ndiyo hati yangu ya utumishi." Izoee hadi uweze kuisema bila sauti kubadilika.

Kuhusu malango, sioni kwa nini mwendesha mashine wa miaka 17 asimame foleni ya kubeba magunia. Pale kijana atakushinda kila siku, kwa kuwa kinachopimwa ni mgongo. Ulicho nacho wewe ni masikio yanayosikia mashine ikianza kuharibika, na hilo halichaguliwi langoni. Kama ujuzi wako huna cheti chake, makao makuu ya NITA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya viwandani, yako hukohuko Industrial Area, barabara ya Commercial, na majaribio yao ya ufundi, kuanzia daraja la 3 hadi la 1, yamewekwa kwa ajili ya watu kama wewe waliojifunzia kazini. Wakati unajiandaa, watafute mafundi waliokuwa wakija kutengeneza mashine zenu na wale waliokuwa wakileta vipuri. Hao huingia viwanda vingi, wanajua ni wapi mwendesha mashine amehama na wapi zamu ya usiku imepungukiwa, na wamekuona ukifanya kazi. Na endapo mtu atakuambia waziwazi kwamba umri wako ndio kikwazo, fahamu kwamba Kifungu cha 27 cha Katiba kinautaja umri miongoni mwa mambo ambayo mtu hapaswi kubaguliwa kwayo. Sikushauri ukiseme kifungu hicho kwenye usaili. Nakushauri ukijue, ili usije ukakubaliana nao moyoni.

*Mwalimu, wakala mmoja aliye na ofisi River Road ameniahidi kazi ya ghala, lakini anataka KSh 6,500 za sare na za daktari kabla ya Ijumaa, la sivyo nafasi itapewa mwingine. Rafiki zangu wananiambia nina hofu nyingi na kwamba mwenye mtazamo mzuri hujaribu bahati. Nitoe?*
*Kijana wa Githurai*

Usitoe. Mwajiri anayekuhitaji hukulipa yeye, na hata sare kwa kawaida hukupatia yeye baada ya kukuajiri. Mawakala wa ajira wanapaswa kuwa wamesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Mwombe nambari ya usajili na jina la kampuni yenye ghala hilo, kisha uende kwenye ghala lenyewe kuuliza. Wakala wa kweli hatachukia. Ile Ijumaa imewekwa ili usipate nafasi ya kuuliza.

Rafiki zako wameuchanganya ujasiri na haraka, na ukosefu wa kazi wa muda mrefu hutufanya sote tuwe na haraka. Kwa sababu hiyo amua mapema, ukiwa nyumbani na akili imetulia, utakavyosema: nikiombwa pesa kabla ya mkataba, nitajibu kwamba nitarudi kesho, kisha nitaondoka. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer ameonyesha kwa miaka mingi kwamba mpango wa namna hiyo, wenye "ikitokea hivi, nitafanya hivi", hutekelezwa zaidi kuliko nia ya jumla ya kuwa mwangalifu. Na kama siku moja afisa wa ofisi ya umma atakuomba chai ili akupe nafasi, kumbuka kwamba sheria ya hongo ya mwaka 2016 humtia hatiani anayetoa pamoja na anayepokea. Nafasi iliyonunuliwa inaweza kukugharimu rekodi safi ambayo kila mwajiri wa baadaye ataidai.

*Mwalimu, habari za kazi. Mwanangu ana miaka 27, ana shahada, na amerudi nyumbani kwangu Kangemi. Nikitoka kazini jioni namwuliza kama kuna habari, naye hunijibu kwa mkato au hanijibu kabisa. Siku hizi anaamka saa nne. Kijana wa jirani waliyesoma pamoja ameshaajiriwa na nimemtaja mara kadhaa ili mwanangu apate ari. Fundi mmoja wa mjengo amesema anaweza kumchukua kwa kibarua cha kila siku. Nimsukume aende, au nitakuwa nimemvunja moyo na shahada yake?*
*Mama wa Kangemi*

Mama, nimeelewa wasiwasi wako, na ninaona kwamba swali la jioni unaliuliza kwa upendo. Yeye analisikia vingine. Siku nyingi jibu la kweli ni kwamba hakuna habari, kwa hiyo kila jioni anaombwa akiri kushindwa mbele ya mtu ambaye angependa kumfurahisha kuliko wote. Likomeshe swali hilo la kila siku. Badala yake mpatane siku moja ya wiki, tuseme Jumapili baada ya chakula, ambapo atakueleza alichofanya, unachoweza kumsaidia na kiasi cha nauli anachohitaji kwa wiki inayofuata. Siku nyingine zungumzeni mambo mengine kabisa. Nauli hiyo mpe yote siku hiyohiyo ya Jumapili, ili asilazimike kuomba kila asubuhi. Mtu mzima anayeomba shilingi mia kila akitaka kutoka huishia kutotoka.

Kulala hadi saa nne ni dalili ya siku isiyo na kitu ndani yake. Mpe jukumu la nyumbani lenye saa maalumu, kama kumpeleka mdogo wake shuleni ikiwa yupo, na umwachie kabisa, bila kumkagua. Ukiona kwamba hata hivyo hali chakula, hapokei simu za marafiki, au anasema maneno ya kutotaka kuishi, hilo si suala la kazi tena, na umfikishe kituo cha afya siku hiyohiyo.

Kijana wa jirani usimtaje tena, hata kwa wema.

Mjengo ni kazi halali, na shahada haiharibiki kwa vumbi la saruji. Lakini uamuzi uwe wake. Mwambie fundi amemtaja na umwachie nambari ya simu, bila kuongeza neno. Akikubali, mshauri aombe siku tatu au nne kwa wiki badala ya sita, ili abakishe asubuhi za kuandika maombi na kwenda kuonana na watu, kwa kuwa nimeona vijana wengi ambao kibarua kiliwapa pesa ya nauli na kikawanyima siku ya kuitumia. Akikataa, usilichukulie kuwa uvivu hadi mzungumze Jumapili.